Kijitabu cha Wasifu wa Shangazi: Tathmini ya Huduma ya Kuandaa Kumbukumbu Jijini Mwanza

Jijini Mwanza mtu akifiwa hahangaiki kupata mahali pa kuchapisha kipeperushi cha mazishi. Steshenari za katikati ya jiji, pamoja na zile zilizojipanga kwenye njia ya kupandia Bugando, hupokea picha ya marehemu na karatasi ya wasifu asubuhi, na kabla jua halijazama familia imeshakabidhiwa nakala zake. Huduma ninayoitathmini hapa ni ya namna nyingine. Ni ya kikundi kidogo cha waandaaji wanaofanya kazi katika chumba kimoja cha ghorofani, nyuma kidogo ya Barabara ya Nyerere, ambao hukaa na familia, hukusanya nyaraka za marehemu, huwahoji waliofanya naye kazi, kisha huandika na kuchapa kijitabu kamili cha maisha yake. Sisi tuliwatumia kwa ajili ya misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu kufariki kwa shangazi yangu, dada wa baba, ambaye alianza kazi akiwa mwalimu wa shule ya msingi, akahamia benki, na tangu alipofikia umri wa makamo hadi uzeeni akawa mtu wa kujitolea. Jina la kikundi hicho silitaji, kwa kuwa nitaeleza pia mahali walipotukwaza, na wenyewe ni watu wachache wanaojulikana mtaani.

Tulifika kwao kwa sababu ya wasifu uliosomwa siku ya mazishi. Ulikuwa wasifu wa kawaida kabisa, ule ambao kila aliyewahi kwenda msibani anaweza kuukariri hata kabla msomaji hajasafisha koo: marehemu alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu, ameacha watoto na wajukuu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Miaka ya ualimu ilipata mstari mmoja, benki ikapata mmoja, na miaka yote ya kujitolea ikaingizwa katika maneno "alipenda sana kusaidia jamii". Waliokuja kumzika walikuwa wa makundi matatu yaliyokaa chini ya maturubai matatu bila kujuana. Wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa wana mvi, hawakujua kwamba mwalimu wao aliwahi kukaa nyuma ya dirisha la benki. Wenzake wa benki walidhani shughuli za Msalaba Mwekundu zilikuwa jambo dogo la siku za Jumamosi. Vijana wa kujitolea nao walimwita "Mwalimu" wakiamini ni jina la heshima tu, kwa kuwa hapakuwa na aliyewaambia kwamba alishika chaki kweli.

Basi kipimo nilichowapimia waandaaji hawa kilikuwa kimoja: je, mtu wa turubai la kwanza akikisoma kijitabu hiki, ataelewa kazi aliyoifanya marehemu huko kwa watu wa turubai la pili na la tatu? Sikuhitaji sifa zaidi, maana sifa zilikwisha tolewa za kutosha siku ya mazishi.

Utaratibu wao wa kuanza ni mzuri kuliko nilivyotarajia. Hawakubali maelezo ya mdomo peke yake. Waliomba vyeti, barua za ajira na za uhamisho, hati za mshahara, vitabu vya akiba, madaftari ya zamani na picha, na kila karatasi waliyoipokea waliiandika kwenye orodha, wakaiskani mbele yetu na kuirudisha papo hapo, huku binamu yangu akiweka sahihi kwamba amepokea. Kwa familia ambayo imewahi kupeleka picha pekee ya babu steshenari isirudi tena, jambo hili lina uzito wake. Aliyesimamia kazi yetu ni binti mmoja mtaratibu, ambaye kabla ya kumwuliza mzee yeyote swali alimwamkia na kumjulia hali ya nyumbani, na wala hakuweka simu yake ya kurekodia mezani mpaka aombe ruhusa.

Faida ya kudai nyaraka ilionekana mapema. Karatasi iliyosomwa makaburini ilisema kwamba shangazi aliajiriwa na NMB mwanzoni mwa miaka ya themanini, na hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa tawi alilofanyia kazi limekuwa likiitwa hivyo kwa miaka mingi. Yule binti alilisimamisha jambo hilo mara moja. NMB ilizaliwa mwaka 1997, pale Benki ya Taifa ya Biashara ilipogawanywa. Kabla ya hapo mwajiri alikuwa hiyo Benki ya Taifa ya Biashara yenyewe, iliyoundwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, benki binafsi zilipotaifishwa. Barua ya ajira ilipopatikana chini ya sanduku, ilikuwa na nembo ya NBC, kifupi cha Kiingereza cha hiyo Benki ya Taifa ya Biashara. Ni marekebisho madogo, lakini yalitufundisha kwamba anayeandika anajua anachokitafuta, na tangu siku hiyo wazee wa familia waliacha kumwita "huyu mtoto" wakaanza kumwita "mwandishi".

Sehemu ya ualimu ndiyo waliyoiandika kwa urahisi zaidi, na pengine kwa wingi mno. Shangazi alikuwa miongoni mwa wale walioingia darasani wakati taifa lilipohitaji walimu kwa haraka. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, ambayo awali ilikuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977, na kwa kuwa vyuo vilivyokuwapo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mazoezi ya darasani chini ya uangalizi wa walimu wenye uzoefu. Hao ndio walioitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na wengi wao walibebeshwa dharau ambayo hawakustahili. Kijitabu hakikuficha kwamba shangazi alikuwa mmoja wao, kama ambavyo baadhi ya ndugu walitaka kifiche. Kimechapa ukurasa wa andalio lake la somo la hesabu, wenye safu za muda, hatua za somo, kazi ya mwalimu na kazi ya mwanafunzi, ulioandikwa kwa mwandiko uliosimama wima, na pembeni alama ya tiki ya mwalimu mkuu kwa wino mwekundu. Ukurasa huo mmoja unawajibu wenye dharau bila kubishana nao.

Vilevile kimeeleza vizuri kazi yake ya jioni. Mikoa ya kandokando ya Ziwa Victoria ndiyo iliyotumika kujaribia mpango wa kisomo chenye manufaa, yaani wa kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika kupitia kazi zao, kuanzia mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO, na makao ya mradi yalikuwa hapahapa Mwanza. Vitabu vya kusomea vilijengwa juu ya kazi za watu wenyewe: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji. Shangazi alipoanza kufundisha watu wazima, mpango huo ulikwisha enea nchi nzima, na darasa lake lilikuwa ghala la pamba la chama cha msingi, upande wa Sengerema, ambamo wanafunzi walikalia magunia. Mwanafunzi mmoja aliyehojiwa, bibi wa miaka mingi, alieleza kwamba neno la kwanza alilolisoma peke yake lilikuwa kwenye risiti ya mizani, na kwamba msimu ule karani wa ununuzi alianza kuwa makini naye. Kwangu mimi hiyo ndiyo aya bora ya kijitabu chote, na ajabu ni kwamba imewekwa chini kabisa ya ukurasa, karibu ifichwe na picha ya nyumba.

Mahali walipozidisha ni katika historia ya nchi. Ukurasa mzima na nusu umetumika kueleza Elimu ya Kujitegemea, Musoma, na mwaka 1970 uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika kurasa hizo marehemu anapotea kabisa. Nilimweleza mwandishi kwamba msomaji amekuja kumtafuta shangazi, si kufanya mtihani wa uraia. Alikubali kupunguza aya mbili, akazitetea zilizobaki kwa hoja kwamba wajukuu hawajui mambo hayo. Pengine ana haki, ila bado naona amemwachia marehemu nafasi ndogo kwenye sherehe yake mwenyewe.

Sehemu ya benki ndiyo iliyonikera, na ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii kwa kirefu. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa tisa za ualimu, kurasa saba za kujitolea, na nusu ukurasa wa benki, ambao ulisema kwamba "alihudumu katika sekta ya fedha kwa uadilifu na weledi wa hali ya juu". Miaka zaidi ya kumi na tano ya maisha ya mtu, katika sentensi ambayo ungeweza kumwekea mhasibu yeyote, wa nchi yoyote, aliye hai au aliyekufa! Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwa upole kwamba familia nyingi hazipendi mambo ya fedha yaandikwe, na kwamba wasomaji huguswa zaidi na ualimu na huruma. Jibu hilo lilikuwa la kweli na halikunitosha. Watu wa benki nao hufanya kazi ya kuwatazama wenzao usoni kila siku, na yule aliyekaa kwenye dirisha la mishahara katika mji huu wakati wa miaka ya themanini aliona mengi kuliko padri.

Kwa haki yao, waliikubali hoja bila kununa, na hawakuongeza ada. Yule binti alikwenda Nyegezi kumhoji mzee mmoja aliyekaa dirisha la jirani na la shangazi kwa miaka mingi, nami niliandamana naye. Alipomwuliza, "Shikamoo, babu; jioni mkifunga hesabu ikatokea shoti, mlifanyaje?" yule mzee alicheka, akasema, "Marahaba, mwanangu. Hatukwenda nyumbani." Kisha akaeleza. Kabla ya kompyuta, kila mteja alikuwa na kadi yake ya leja, na kila alipotoa fedha kadi ilitolewa kabatini, salio likapunguzwa kwa mkono, sahihi ikalinganishwa na ile ya kwenye kadi ya sahihi, mkubwa wa zamu akaidhinisha, ndipo fedha ikahesabiwa mara mbili. Milango ilipofungwa, noti zilifungwa mafungu, sarafu zikapimwa, na jumla ya fedha iliyobaki ilipaswa kulingana na vocha za siku nzima mpaka senti ya mwisho. Isipolingana, vocha zote zilirudiwa moja baada ya nyingine, na shoti isiyopatikana ilikatwa kwenye mshahara wa aliyekaa dirishani. Mzee alisema kwamba shangazi alikuwa na mtindo wa kusoma vocha kwa sauti, kama anayeita majina ya wanafunzi, na kwamba wenzake walimcheka mpaka walipogundua kuwa makosa yake yalikuwa machache kuliko ya kwao.

Alieleza pia jambo ambalo hata wanawe hawakulijua. Wakulima wengi waliokuja na hundi za pamba walikuwa wanaweka dole gumba badala ya sahihi. Shangazi alikuwa akiwauliza kama walipitia kisomo, na aliyekiri kwamba alipitia lakini amesahau, alimpa kipande cha karatasi na kalamu, akamwambia ajaribu jina lake pembeni wakati foleni inasogea. Meneja alimwonya kwamba benki si shule. Hakuacha, ila alihamishia shughuli hiyo kwenye benchi la nje, wakati wa chakula cha mchana. Wateja ndio walioanza kumwita Mwalimu humo ndani, na jina likamshika mpaka kwenye kibao chake cha mezani.

Ukurasa wa benki ulioandikwa upya, ambao sasa ni kurasa nne, una haya yote, na ubora wake unatokana na kwamba unaeleza kazi yenyewe ilivyofanyika. Hata sababu ya kuacha ualimu imeandikwa kwa busara. Katika ukoo wetu kuna wanaosema alifuata mshahara, na kuna wanaosema alimfuata mume aliyehamishiwa mjini, na pande hizo mbili hazijawahi kupatana. Mwandishi amechapa barua yake ya kuomba kuacha kazi, yenye mistari minne, isiyotaja sababu yoyote zaidi ya "mabadiliko ya makazi", akaishia hapo. Pande zote mbili zimeridhika, kila moja ikiamini kwamba barua inaiunga mkono.

Benki ilipogawanywa mwaka 1997, shangazi alikuwa amekwisha kuchukua kiinua mgongo chake na kustaafu mapema, na hapa waandaaji walikutana na swali gumu la mpangilio. Miaka iliyofuata alikuwa akizunguka Igoma, Buhongwa na Kisesa kufundisha vikundi vya VICOBA, vile vya wanakijiji au wanamtaa vya kuweka na kukopa, kuandika hesabu, na baadaye akakaa kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS moja, yaani chama cha akiba na mikopo, ya watumishi. Je, hiyo ni fedha au ni kujitolea? Wao waliiweka kwenye kujitolea, na nawaunga mkono, maana malipo yake yalikuwa soda na nauli ya daladala. Maelezo yao ya vikundi ni sahihi na yanasomeka: hisa zinazonunuliwa kila mkutano, mfuko wa jamii unaotengwa kwa ajili ya misiba na maradhi, faini ya mchelewaji, na sanduku la chuma lenye kufuli tatu ambalo funguo zake hushikwa na watu watatu, na mwenye kukaa na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Upande wa SACCOS wameeleza jinsi alivyoshika msimamo kwenye kanuni ya theluthi moja, kwamba mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake, yaani makato yasizidi theluthi mbili, hata pale mwombaji alipokuwa na akiba ya kutosha kukopeshwa mara tatu yake na wadhamini wamejipanga mlangoni. Nimesikia kwamba baadhi ya waliokataliwa mikopo walisoma ukurasa huo wakiwa kwenye misa, na hawakufurahi. Hilo silihesabu kuwa kasoro.

Sehemu ya kujitolea inaanzia tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikitokea Bukoba kuja Mwanza. Aliyekuwa na akili zake katika mji huu mwaka ule hana haja ya kusimuliwa, na waandaaji wamekuwa na adabu ya kutoeleza kupita kiasi. Wametaja Uwanja wa Nyamagana, ambako miili ilipelekwa ili ndugu waitambue, na makaburi ya Igoma, ambako wengi walizikwa. Shangazi, akiwa bado mtumishi wa benki, alikwenda Nyamagana jioni baada ya kazi, na kwa kuwa alijua kuandika haraka na kwa mwandiko unaosomeka, alipewa daftari la kuandikia majina ya waliokuja kutafuta watu wao: nani anamtafuta nani, alivaa nguo gani, ana alama gani. Baada ya siku hizo ndipo alipojiunga na Msalaba Mwekundu na kusomea huduma ya kwanza.

Hapahapa ndipo lilipotokea kosa baya kuliko yote. Kwenye nakala ya majaribio, juu ya maelezo ya MV Bukoba, msanifu wa kurasa alikuwa ameweka picha ya MV Victoria, aliyoichukua mtandaoni. Kwa mtu wa Dodoma huenda meli ni meli. Kwa watu wa Mwanza, ambao MV Victoria imewabeba kwenda Bukoba miaka na miaka na ambayo baada ya ukarabati imerudi majini ikiitwa New Victoria, kosa la namna hiyo lingekifanya kijitabu kizima kichekwe, tena katika ukurasa usiostahili kicheko hata kidogo. Binamu yangu aliliona tulipopitia nakala hiyo, likaahidiwa kurekebishwa, na hata hivyo nakala za kwanza zilitoka na picha ileile, kwa kuwa faili lililopelekwa mashineni lilikuwa la zamani. Walituomba radhi, wakabandika karatasi yenye picha sahihi juu ya ile ya kwanza katika kila nakala, kwa mkono, usiku wa kuamkia misa. Ukipitisha kidole juu ya ukurasa unausikia ukingo wake. Ninatambua juhudi hiyo, ila mchapaji anayelipwa kwa ajili ya usahihi hapaswi kuwa na mafaili mawili yenye jina moja.

Miaka ya mwisho imeandikwa kwa ufupi unaostahili. Alipovuka umri wa miaka 65, ambao ndio ukomo wa kuchangia damu, akawa mwandikishaji wa wachangiaji wengine. Alikuwa anajua kwamba shule za sekondari zikifungwa wachangiaji hupungua na wagonjwa hawapungui, kwa hiyo likizo zilipokaribia alianza kupiga simu kwa kwaya, vijiwe vya bodaboda na wachuuzi wa samaki wa Mwaloni, akiwa na orodha inayoonyesha nani alichangia lini, ili mwanaume asirudi kabla ya miezi mitatu na mwanamke kabla ya minne. MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara mwezi Septemba 2018, hakuwa na nguvu za kuvuka ziwa, lakini simu yake, wanasema, haikupumzika.

Kurasa mbili za katikati, zinazoonekana kijitabu kinapojifungua chenyewe kwenye pini, ndizo zilizonifanya niamini kwamba huduma hii inastahili kulipiwa. Wameweka picha tatu bila maelezo mengi: ukurasa wa daftari la mahudhurio la darasa lake, ukurasa wa leja ya kikundi cha VICOBA, na ukurasa wa orodha ya wachangiaji damu. Madaftari hayo yametengana kwa zaidi ya miaka arobaini. Mistari imepigwa kwa rula ileile ya upana, majina yako kushoto, tarehe ziko juu, na mahali ambapo mtu hakufika pamewekwa alama ileile ya nukta ndani ya duara, ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Mwandishi ameandika sentensi moja tu chini yake, inayotaja miaka na mahali. Bibi wa kisomo, mzee wa benki na kijana wa Msalaba Mwekundu walikaa benchi moja baada ya misa wakizitazama kurasa hizo, kila mmoja akimwonyesha mwenzake daftari lake.

Kuhusu uchapaji wenyewe sina mengi. Jalada ni la karatasi ngumu inayong'aa, kurasa za ndani ni nene kiasi kwamba wino wa upande wa pili hauonekani, na pini ziko sawa. Picha za rangi zimetoka vizuri, za zamani zimetoka nyeusi kidogo. Sisi tuliomba kurasa 30, wakatueleza kwamba kijitabu cha kubana kwa pini lazima kiwe na idadi ya kurasa inayogawanyika kwa nne, hivyo ni 28 au 32. Tulichagua 32 na ndipo benki ikapata nafasi yake. Maandishi ya maelezo ya picha ni madogo mno kwa macho ya wazee, na wazee ndio wasomaji wakuu wa vitabu vya namna hii.

Ada ya kuhoji na kuandika ilikuwa shilingi 350,000, na kila nakala iligharimu shilingi 6,500 kwa nakala 120. Nusu hulipwa mwanzoni na nusu siku ya kuchukua, na risiti ya mashine hutolewa bila kuombwa. Si bei ndogo kwa familia inayotoka kwenye gharama za msiba, na kwa kipeperushi cha siku ya mazishi sishauri mtu aende kwao, kwa kuwa hawawezi kuharakisha na hawajifanyi kwamba wanaweza. Wanafaa kwa kumbukumbu ya mwaka, kwa kusimika msalaba, au kwa mtu aliye hai anayetaka mambo yake yaandikwe akiwapo wa kuyasahihisha. Anayewaendea ajitayarishe kuisoma rasimu mstari kwa mstari, hasa kama marehemu alikuwa mhasibu, karani au mtu wa fedha, na adai nakala ya majaribio iliyochapwa kwenye karatasi badala ya kuipitia kwenye skrini ya simu.

Toleo la pili, lenye picha sahihi ya meli iliyochapwa mahali pake, wametukubalia kwa gharama ya karatasi tu. Tumeagiza nakala chache za kupeleka kwenye shule aliyoanzia kazi upande wa Sengerema, na mwalimu mkuu wa sasa ameomba ziongezwe mbili kwa ajili ya wale wanafunzi wa kisomo ambao bado wako hai kijijini. Kwa kuwa siku hizi mtu anavuka kwa Daraja la J.P. Magufuli bila kungoja kivuko, binamu yangu atazipeleka mwenyewe zikishatoka.